Dada wa Kariakoo, Usiishie Dirishani

Dada yangu wa vitenge Mtaa wa Kongo, na wewe mama ntilie wa Nyamwezi, hili ni letu. Uchafu unakutoka ukeni, una shombo. Unachomoka dakika 5, unainama kwenye dirisha la duka la dawa na kunong'ona: "Nipe ya fangasi." Unaifunga kwenye ncha ya khanga, unarudi kwa wateja. Wiki mbili hazijaisha, uko dirishani tena.

Shombo kwa kawaida si ya fangasi. Fangasi huwasha, na uchafu wake ni mzito kama mtindi. Shombo mara nyingi huja bakteria wa ukeni wanapovurugika, nao wana dawa yao. Wala fangasi haizai saratani, usikose usingizi kwa hilo. Kinachobadili chembe za shingo ya kizazi hadi zikawa saratani ni kirusi cha HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Hakiwashi, hakinuki. Miili mingi hukifukuza ndani ya miaka miwili hivi. Kikigoma kutoka, chembe hubadilika polepole, pengine miaka 10 na zaidi. Watafiti wameona kuwa kirusi hugoma zaidi kwa wanawake ambao bakteria wao wamevurugika. Kwa hiyo tibu shombo, tena kwa kupimwa, na uache kujisafisha ndani kwa sabuni na shabu, maana unawaua hata bakteria wanaokulinda. Lakini shombo ikiisha, usidhani shingo imeshakaguliwa.

Kukaguliwa kwenyewe kunafanyika kwa siki. Muuguzi anaipaka kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia. Palipobadilika panakuwa peupe. Doa dogo mara nyingi huchomwa siku hiyohiyo. Akikuta maambukizi makali atakutibu kwanza, urudi. Rudi kweli!

Una miaka 30 hadi 50? Nenda hata kama huumwi. Anayeishi na VVU aanze mapema, hatari yake ya saratani hii ni mara 6 ya mwenzake asiye na VVU. Ukitokwa damu baada ya tendo, usingoje umri. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV. Tangu 2024 ni dozi moja tu.

Taasisi ya Saratani Ocean Road si mbali, bodaboda inakufikisha. Jirani wa kibanda atakuangalizia mzigo, kama unavyomwangalizia yeye akienda kuswali. Ukirudi, kaa umwangalizie wake, naye aende.