KIJANA, USISHIKE BOKSI LA HISANI BILA KARATASI!

Wewe kijana wa mjini unayeshinda kijiweni ukiisubiri riziki, bila shaka umewahi kuitwa. Jumamosi kuna matembezi ya hisani. Jumapili kuna harambee ya madawati. Mwisho wa mwezi kuna tamasha la kuchangia wagonjwa. Unapewa fulana, soda moja na boksi la michango, unaambiwa: "Kijana, simama pale."

Unasimama. Jua linakuchoma. Mgeni rasmi anafika saa mbili baadaye, ndani ya gari lenye kiyoyozi. Anapigwa picha, anatoa ahadi nono, anapigiwa makofi, anaondoka.

Sasa nakuuliza. Hela zikipungua, atakamatwa nani? Watu wakikanyagana getini, atakayekuwa getini ni nani?

Jibu unalo. Si mgeni rasmi. Ni wewe!

Sisemi usijitolee. Nchi hii walalahoi ndio wanaozikana, wanaouguzana na kuchangiana. Vijana tukigoma, wagonjwa na yatima wataumia kwanza. Ninachosema ni kwamba kujitolea bila utaratibu ni kujitoa kafara ili wengine wale. Anayejitolea ana haki ya kudai utaratibu kabla hajavaa fulana.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayoleta kesi.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera. Watu 17 walikufa na maelfu ya nyumba yakabomoka. Watanzania walichanga, wenye nacho na wasio nacho. Akaunti rasmi ikaitwa Kamati Maafa Kagera. Mwezi haujaisha, Rais John Magufuli akawaondoa maofisa wawili wakubwa kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile. Tuhuma ni tuhuma, mimi si hakimu. Lakini jiulize: kama jina la akaunti ya maafa ya taifa lilizua utata mkubwa kiasi kile, itakuwaje kwa boksi la katoni lililofungwa kwa gundi, mikononi mwa kijana asiye na hata kitambulisho?

Wala haikuishia hapo. Januari 2017 Rais alikwenda Kagera akawaambia wananchi kwamba serikali haikuleta tetemeko, na kwamba fedha zitatengeneza majengo ya umma kama shule, si kumjengea kila mtu nyumba yake. Mfikirie kijana aliyezunguka sokoni na boksi akiwaambia watu "tuwajengee wenzetu nyumba." Je, alidanganya? Hapana. Ila hakuwa na karatasi inayosema hela inakwenda kufanya nini. Akirudi sokoni kesho, nani atamsikiliza?

Kwa hiyo shika haya. Kwanza, dai barua ya waandaaji yenye muhuri, jina lako na kazi ambayo hela itafanya. Pili, boksi lifungwe mbele yako, litiwe namba na saini, na lisifunguliwe ila mbele ya watu wasiopungua wawili ambao si ndugu. Tatu, hela ihesabiwe siku ile ile, iandikwe, wote watie saini, na wewe ubaki na nakala. Nne, usikubali kamwe michango ipitie kwenye simu yako. Leo utaambiwa "tumia namba yako kwa muda tu," kesho utakuwa mtuhumiwa namba moja. Tano, ahadi ziandikwe mbali na fedha taslimu. Mheshimiwa akiahidi milioni tano akatoa laki moja, upungufu usije ukaambiwa umeula wewe.

Na kama unaambiwa upite nyumba hadi nyumba ukiwa na mgambo, kataa. Mwaka 2014, kwenye michango ya maabara za shule za kata, watu walidaiwa milangoni mwao kama wadaiwa sugu. Hisani haina mgambo. Ukimlazimisha mtu kuchanga, atakayetukanwa mtaani ni wewe unayeishi naye, si aliyekutuma.

Tukitoka kwenye hela, kuna roho za watu. Hapa ndipo waandaaji wengi hulala usingizi wa pono.

Tabora, sikukuu ya Idi mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye ibada uwanjani wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Dar es Salaam, Machi 2021, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Hizo hazikuwa harambee, lakini msongamano hauulizi watu wamefuata nini. Tamasha la hisani lenye msanii mkubwa na kiingilio cha bei poa linajaza watu vile vile.

Tena tuelewane. Wengi katika msongamano hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa, pumzi haipiti. Watu wakizidi watano kwenye mita moja ya mraba, hatari inaanza, na wakizidi kubanana hakuna tena anayetembea kwa miguu yake, wanasukumwa kama maji. Ukiona hali hiyo ndipo uanze kupiga filimbi, umechelewa. Kazi ya mtu wa getini inaanza asubuhi.

Nimewahi kufika kwenye onyesho moja la kuchangia wagonjwa, nikakuta mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli. Nilipouliza, nikaambiwa wanazuia wazamiaji wasiingie bure. Yaani kwa kuogopa hasara ya tiketi hamsini, waliamua kuwafungia mamia ndani! Usiku ule Mungu alitusitiri, hakukutokea kitu. Lakini hatuwezi kumgeuza Mungu kuwa mlinzi wa mlangoni.

Basi kabla geti halijafunguliwa, uliza. Ukumbi huu unachukua watu wangapi, na nani anawahesabu? Milango yote inafunguka, tena kwa kusukuma kwenda nje? Nani mwenye funguo, na yuko wapi? Watu wa huduma ya kwanza wapo, mathalani wa Msalaba Mwekundu? Kuna gari la kumkimbiza mtu hospitali? Idadi ikitimia, nani ana mamlaka ya kusema "basi," hata kama foleni bado ndefu na mwenye tamasha anataka hela zaidi? Kama hakuna mwenye jibu, vua fulana uwarudishie.

Matembezi nayo yana yake. Sheria ya Polisi inataka taarifa itolewe saa 48 kabla ya maandamano au mkusanyiko. Tunajua jinsi sheria hiyo ilivyotumika kuwaziba watu midomo. Lakini kwenye matembezi ya hisani idai kwa faida yako. Bila taarifa hakuna trafiki, na bila trafiki ni wewe na kibendera chako mbele ya daladala lililokata breki. Tembeeni alfajiri kabla jua halijawa kali, maji yawepo njiani, na boksi lisipelekwe katikati ya magari hata kama taa ni nyekundu.

Kuna watakaosema: "Huyu anaua moyo wa kujitolea kwa masharti." Si kweli. Watazame majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2011, kwa ajili ya wenzao walioteswa na ukame, wananchi walichanga zaidi ya shilingi milioni 500 za kwao, wengi kwa simu, kupitia namba ya kampeni yenyewe na si ya mtu, huku Msalaba Mwekundu ukisimamia. Mtu akiona utaratibu, anatoa. Na pale harambee zilipogeuka jukwaa la vigogo kumwaga vitita visivyojulikana vilikotoka, vijana waliingia barabarani, na Julai 2024 Rais William Ruto akatangaza kuwapiga marufuku watumishi wa umma kushiriki. Kilichoua moyo wa kutoa pale ni wizi na majivuno, wala si masharti.

Kijana mwenzangu, nguvu zako ni mtaji wa waandaaji. Bila wewe hakuna wa kupanga viti wala kulinda geti. Hivyo una sauti kuliko unavyodhani. Vijana kumi wakisema kwa pamoja "hatuingii kazini mpaka mlango wa nyuma ufunguliwe," kufuli litatoka.

Watakuita mkorofi. Kubali. Heri kuitwa mkorofi saa nne asubuhi kuliko kuitwa marehemu, au mshitakiwa, saa nne usiku.