Kwani Bibi Arusi Ni Mimi?

Nawaomba radhi mapema, hasa wale wanaodhani kwamba jarida la Chama cha Kiswahili ni la ngeli na mashairi peke yake, kwa kuwa leo nataka kuzungumzia nywele. Tena si nywele za shuleni, maana hizo zina sheria zake na mwalimu wa zamu anazijua kutushinda sisi wenye vichwa. Nazungumzia nywele za mtu aliyealikwa arusini.

Likizo za Agosti na Desemba arusi hutoka kama kumbikumbi. Kadi ikifika nyumbani, swali la kwanza siku hizi si "Tutamtuza nini bibi arusi?" bali ni "Mimi nitasukwa wapi?" Hapo mama wa watu huanza kufungua pindo la leso na kuhesabu noti mara mbili mbili, kana kwamba zitazaana.

Msimamo wangu ni huu, na asiyekubali aniandikie toleo lijalo: mwalikwa aweza kujitengeneza nywele mwenyewe, nyumbani kwao, akapendeza. Na kwa sisi tunaosomeshwa kwa jasho, nasema ndivyo inavyotupasa.

Sisemi haya kwa kusikia. Desemba 2023 binamu yangu aliolewa. Mamangu alikuwa ameweka shilingi 1,200 za kuninunulia viatu vya shule. Nikamwambia, "Mama, viatu vitangoja." Ni mimi niliyesema, sikulazimishwa na mtu. Jumamosi alfajiri nikafika saluni moja hapo sokoni, nikakuta wanawake tisa benchini, kila mmoja ana arusi yake. Msusi alikuwa akianza kichwa hiki, anakiacha nusu, anarukia kile, ili asimpoteze mteja hata mmoja. Ibada ilikuwa ya saa tano. Mimi nilitoka pale saa nane.

Jamani! Nilikuta maua yamekanyagwa mlangoni mwa kanisa. Kiapo kimepita, pete zimevishwa, na wimbo ambao sisi mabinamu tuliufanyia mazoezi majuma mawili mazima umeimbwa bila sauti yangu. Binamu akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Nami sikuwa na jibu ila kushika kichwa changu kilichosukwa. Usiku sikulala, kwani nywele zilivutwa hata vipele vikaota kwenye ukingo wa paji. Januari nikarudi shuleni na viatu vile vile, vimetiwa gundi.

Hivyo vipele si jambo la kuchekea. Nywele zikivutwa sana tena mara kwa mara, mashina yake hudhoofika, zikaanza kung'oka ukingoni, na zikiendelea kuvutwa hivyo huenda zisiote tena. Na wale wanaokimbilia kutiwa dawa mkesha wa arusi, hebu wakumbuke somo la kemia. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina hidroksidi ya sodiamu, alkali ile ile kali inayotumiwa kutengenezea sabuni. Ndiyo maana mtu aliyejikuna kichwa kabla ya kupakwa hupiga kelele ati anaungua. Anaungua kweli! Kitana cha moto nacho kina hila zake: kwanza masikio yako yamo hatarini, halafu ukicheza kidogo ukatoka jasho, ama mvua ikinyesha, nywele zinarudi zilivyokuwa asubuhi.

Najua mtakayosema. Mtasema msusi naye ana watoto. Ni kweli, na shangazi yangu ni msusi, sitaki aninyime chakula. Lakini yeye mwenyewe husema kazi nzuri huifanya Jumanne, wakati hakuna anayemsimamia mgongoni akitazama saa. Mwenye pesa na aende Jumanne.

Wengine mtasema kwenda arusini bila kupambwa na fundi ni kumdharau mwenyeji. Hapo sikubali hata kidogo. Nani alisema urembo hununuliwa tu? Kule pwani, Lamu na Mombasa, wanawake wamejipamba kwa vikuba tangu jadi: asumini, rihani na mkadi, vikafungwa pamoja na kubandikwa nywelani ama kifuani, na mtu akipita harufu inamtangulia. Kwa Wamaasai, bibi arusi mwenyewe hunyolewa kipara kikang'aa, na hakuna anayemwambia hakupendeza. Sasa mimi mwalikwa, ambaye nitakaa safu ya saba nyuma ya mjomba mwenye kofia, nashindania nini?

Basi tufanyeje? Nyanya yangu alinifundisha, nami nawapa bure. Alhamisi jioni osha nywele vizuri. Zikiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta ya nazi, zigawe mafungu kumi hivi, halafu kila fungu ulizungushie uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani. Usikaze shinani! Lala nazo. Asubuhi ukifungua utazikuta zimenyooka, bila moto wala dawa. Ijumaa dadako ama jirani akusuke matuta sita au manane yanayopanda utosini, ncha zifungwe kishungi. Mwenye nywele fupi kama zetu za shule, azichane kwa chanuo, azitie mafuta, abandike ua moja juu ya sikio, atosheke. Usiku jifunge kitambaa cha kuteleza, si cha pamba, kwa sababu pamba hunyonya mafuta na kuzikwaruza nywele.

Na nyinyi wavulana mnaocheka, nimewaona kwa kinyozi mkichorwa mistari ambayo baada ya juma moja haionekani. Nyamazeni.

Aprili mwaka uliofuata kulikuwa na arusi nyingine kwetu, ya mtoto wa shangazi. Dadangu na mimi tulisukana Ijumaa usiku, taa ikizimika na kuwaka, tukicheka mpaka mama akatugombeza. Gharama yetu ilikuwa uzi na chupa ndogo ya mafuta. Jumamosi tulifika kanisani kabla ya bwana arusi, tukasaidia kupanga viti, na wimbo ulipoanza nilikuwa mstari wa mbele nikiimba sauti ya pili. Tuta langu la kushoto lilipinda kidogo. Kwenye picha linaonekana, ukilitafuta.