Leseni ya pombe na mita 300 zilizosahauliwa

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, nilitoka langoni na kuanza kuhesabu hatua zangu. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba tungeijadili Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, nami sikutaka kuwapelekea maneno matupu. Sheria hiyo inasema bayana kwamba mahali pa kuuzia pombe pawe umbali usiopungua mita 300 kutoka shuleni. Niliifikia baa ya kwanza kabla ya hatua ya 120. Nyuma ya kaunta leseni ilining'inia ndani ya fremu ya kioo, ina sahihi na muhuri. Wala haikuwa ya kughushi.

Yamkini msomaji atamlaumu mwenye baa. Mimi simlaumu sana, maana yeye aliomba akapewa. La kuulizwa ni hili: leseni ya pombe ni chombo cha kazi gani hasa, na kinamhudumia nani?

Chombo chenyewe tulikirithi kwa Mwingereza. Mnamo 1552, enzi za Mfalme Edward VI, Bunge la huko liliamuru kwamba auzaye bia sharti apate kibali cha mahakimu wawili, na aweke dhamana kuwa pahali pake hapatageuka uwanja wa fujo. Shabaha ilikuwa utulivu wa kijiji. Lakini mwaka 1736, maskini wa London walipokuwa wakiangamia kwa jini, serikali ilipandisha ada ya leseni hadi pauni 50 kwa mwaka, kiasi ambacho mchuuzi wa kichochoroni hangekipata hata ndotoni. Waliolipa walihesabika kwa vidole. Waliobaki waliuza kwa siri, wapelelezi wa kulipwa wakawasaka, nao umma ukawageukia wapelelezi kwa kipigo. Kufikia 1743 sheria hiyo ilifutwa na ada ikashushwa. Mwalimu wa historia anayetaka kueleza ni kwa nini chang'aa haikutokomezwa na marufuku hana haja ya mfano mwingine.

Huku kwetu leseni iliingia ikiwa na rangi ya ngozi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizitaka dola za kikoloni zizuie au zitoze ushuru pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Katika Kenya ya walowezi, Mzungu alikunywa wiski hotelini bila wasiwasi, ilhali Mwafrika kwa jumla hakuruhusiwa pombe ya Kizungu hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili, na pombe kali hadi miaka ya 1950. Busaa, muratina na mnazi vilitengewa sheria yake, na mgawanyo huo haukufa bendera ilipobadilishwa.

Kisa cha Pumwani ndicho kinachonisumbua zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, halmashauri ya Nairobi iliwazuia wakazi Waafrika kupika pombe mjini, kisha ikafungua kilabu chake yenyewe ikauza. Mfano ulikwisha kuonekana Durban, ambako manispaa ilijitwalia biashara hiyo kwa sheria ya 1908. Faida ilisemekana kutumiwa kwa manufaa ya Waafrika wenyewe. Yaani mnywaji ajijengee mtaa kwa kulewa! Walioumia ni wanawake waliokuwa wakiishi kwa upishi huo. Jana walikuwa wafanyabiashara, leo wahalifu, na aliyewashtaki ndiye aliyewanyang'anya wateja.

Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980. Miaka 20 baadaye, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sheria ya 2010 ikaihalalisha chang'aa, mradi iwe katika chupa ya kioo, isipungue mililita 250, yenye maelezo na leseni. Ni nia njema, lakini mama pima wa kitongojini atainunua wapi mitambo hiyo? Ndizo pauni 50 zile zile katika vazi jipya. Na leseni ya baa si kinga pia: Februari 2024, zaidi ya watu 10 waliofariki Kirinyaga kwa kileo chenye sumu hawakukinunua msituni bali kwenye baa.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Hapo ndipo ugonjwa wa Pumwani umerejea, japo kwa sura ya upole: anayepaswa kuikataa baa iliyo karibu na shule ndiye anayeisubiri ada yake ijaze hazina. Nani atapima mita wakati anahesabu shilingi?

Nilipolieleza hili darasani, msichana mmoja aliyezoea kukaa kimya aliinua mkono. Mama yake alikuwa ametoka rumande wiki hiyo kwa kuuza chang'aa. Karo ya binti ilitoka katika chungu hicho. "Mwalimu," akauliza, "mama akihamisha chungu mita 300, watampa leseni?" Nilimwambia kuwa umbali haukuwa kosa lake. Sikuwa na jibu bora, nami nilikuwa ndiye mwalimu.

Ninaloshauri ni dogo. Kamati ya leseni isipokee ombi lolote la baa bila barua ya walimu wakuu wa shule zilizo jirani, na ada iende kwenye mfuko ambao kamati hiyo haiugusi. Kwa sasa, walimu wenzangu, pingamizi kwa maandishi linaruhusiwa. Mimi nililiandika langu mwaka ule, nikaambatisha mchoro na vipimo vya utepe, si vya hatua. Baa ilipewa leseni tena. Nakala ya barua yangu, iliyopigwa muhuri wa kupokewa, ningali nayo.