Tamko la Wanafunzi Watafiti: Aliyekwenda Uwandani Aandikwe

Sisi wanachama wa chama cha wanafunzi wa vyuo vikuu tunaofanya utafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta, tuliokutana Dar es Salaam, tunatoa tamko hili kwa wasimamizi wetu, wakuu wa idara, wafadhili wa miradi na wanafunzi wenzetu.

Tunalosema ni moja: kazi ya uwandani ni utafiti kamili, na anayeifanya ni mtafiti, si mtu wa kutumwa.

Kwa asiyeifahamu, taaluma hii huchunguza jinsi watu wanavyotumia vifaa na programu ili vitengenezwe kwa namna inayowafaa. Haifanyiki na mtu mmoja. Kuna anayechora skrini, anayeandika programu, anayeketi na watumiaji, na wanaochambua yaliyosemwa na yaliyoonekana. Hapa kwetu anayeketi na watumiaji karibu kila mara ni mwanafunzi, kwa sababu ndiye anayejua daladala ya kupanda na namna ya kubisha hodi.

Tuchukue huduma inayojulikana na wote. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008, na mpaka leo hapa nchini hufunguliwa kwa kubonyeza nyota, 150, nyota, sifuri mbili na alama ya reli, hata kwenye simu ya tochi isiyo na intaneti. Ukiwa maabara utaona menyu fupi isiyo na kasoro. Aliyeketi kwenye benchi la wakala tangu asubuhi huona mengine: muuza samaki mwenye vidole vilivyolowa anapapasa miwani, menyu inakatika, anaanza upya, inakatika tena. Mwisho anamkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri mbele ya foleni nzima. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha muamala uliofanikiwa. Kutambua kwamba hapo pana tatizo, kumhoji mama huyo bila kumfedhehesha, kung'amua kwamba "naelewa, mwanangu" yake ni adabu tu kwa mgeni, na usiku kukaa na vipokea sauti masikioni ukinukuu neno kwa neno, ndiko kutafiti.

Halafu andiko linatoka. Mwanafunzi yule hayumo miongoni mwa waandishi. Yumo kwenye shukrani, tena pengine bila jina, ndani ya fungu la "wasaidizi wa uwandani".

Kanuni za uandishi za ACM, jumuiya ya kimataifa ya wanakompyuta ambayo kundi lake la SIGCHI limeisimamia taaluma hii tangu 1982, zinamtaka kila mwandishi awe na mchango mkubwa wa kifikra. Wapo wanaoishika kanuni hiyo kutuengua, eti kukusanya data ni kazi ya miguu. Kanuni tunaikubali, tunachokataa ni kusomwa kwa namna hiyo. Aliyeyabadilisha maswali ya dodoso siku ya pili kwa sababu siku ya kwanza hayakueleweka, amefikiri.

Kanuni hiyohiyo inatugusa na sisi. Katika vikundi vyetu wamo wanaobebwa: hawaonekani uwandani, hawajagusa uchambuzi, lakini siku ya kuwasilisha wamevaa tai na majina yao yako mbele. Chama hakitamtetea mwanachama wa aina hiyo.

Kwa hiyo tunataka kila kikundi kiandikiane makubaliano kabla mtu hajatoka chuoni: nani anafanya nini, nani atakuwa mwandishi, na data itatunzwa na nani. Karatasi moja yenye saini za wote, msimamizi akiwemo, inatosha. Makubaliano hayo yapitiwe tena kazi ikibadilika, na hubadilika.

Tunaotaka haki hatuwezi kuwanyima wengine. Fomu ya ridhaa ya kurasa kadhaa za Kiingereza, anayopewa mama lishe asaini huku wali ukiungua, si ridhaa. Ielezwe kwa Kiswahili, kwa mdomo, na mtu aachiwe nafasi ya kukataa bila kuonekana mkorofi. Namba za siri zisirekodiwe kabisa, wala skrini yenye salio isipigwe picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kenya wana yao tangu 2019. Simu ya mwanafunzi iliyojaa sauti za washiriki, isiyo hata na nywila, ni hatari tuliyoizoea mno.

Wafadhili nao waweke nauli, bando na chakula cha watafiti kwenye bajeti, na walipe kabla ya safari, si baada ya risiti. Wakala wa kibandani hatoi risiti ya benchi.

Watafiti wa taaluma hii barani wana jukwaa lao, AfriCHI, lililofanya mkutano wake wa kwanza Nairobi mwaka 2016. Tunataka majina ya wanafunzi walioketi na watumiaji yasomwe huko kama waandishi.

Tunawaomba wakuu wa idara wasipitishe pendekezo lolote la utafiti wa kikundi, kuanzia muhula ujao, lisiloambatishwa makubaliano yaliyosainiwa. Nasi tunawaagiza wanachama wetu wasitoke kwenda uwandani bila hayo.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji,
Dar es Salaam.