Ziwa Albert halina huruma kwa mwenye haraka

Wako wafanyabiashara wa Arua na Koboko ambao hawaishii tena kununua samaki wakavu Panyimur na kurudi. Wanapanda boti na kuvuka Ziwa Albert, wengine hadi Mahagi Port upande wa Kongo, wengine hadi Wanseko, wakifuata bei nafuu. Biashara ni riziki, wala siwalaumu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wengi wetu ni watu wa nchi kavu. Barabara ya Ariwara na ile ya Kaya tunazijua kila shimo, lakini ziwa hatulijui. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Mimi ni mwalimu, na masomo yangu ya kwanza niliyapata uhamishoni Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ambako wazazi wangu walikimbilia baada ya vita vya 1979. Tulikaririshwa majina ya maziwa na mito. Hakuna aliyetufundisha namna ya kukaa ndani ya boti wakati mawimbi yanapoinuka.

Ziwa Albert lina urefu wa kilomita zipatazo 160 na upana wa kilomita zipatazo 30, nalo limebanwa kati ya kuta za Bonde la Ufa. Kina chake si kirefu. Kwa wastani ni mita 25 hivi. Upepo ukivuma kufuata urefu wa ziwa, hupata nafasi ndefu ya kusukuma maji. Na kwa kuwa kina ni kifupi, mawimbi huja yakiwa yamesimama na kukaribiana, hili likipita lile limeshafika. Tena milima ya upande wa Kongo huficha mawingu. Asubuhi shwari si ahadi ya mchana shwari.

Basi msafiri atarajie nini? Boti itapanda na kushuka. Maji yatakurukia usoni na mengine yataingia ndani, na vijana watayachota. Mlio wa mashine utabadilika kila mara panga lake linapotoka majini. Tumbo litachafuka hata kwa mwanamume shupavu. Mambo haya peke yake hayana maana kwamba boti inazama. Nahodha anayejua kazi atapunguza mwendo na kuelekeza omo ya boti kwenye mawimbi, hivyo utaona hamwendi moja kwa moja mnakokwenda. Usimpigie kelele kwamba amepotea. Kaa chini, karibu na katikati, utazame ukingo wa mbali wa nchi kavu, na usisimame hata kama jirani yako amesimama.

Nasisitiza hilo la kusimama kwa sababu maji yaliyotulia nayo huua. Desemba 25, 2016, wachezaji wa mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa walipinduka katika ziwa hili hili wakielekea Hoima, na watu wapatao 30 wakahofiwa kufa. Polisi walisema ziwa lilikuwa shwari. Abiria walisogea upande mmoja. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere nchini Tanzania, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220. Pale hapakuwa na dhoruba ya kulaumiwa. Palikuwa na mzigo uliozidi na watu waliohama upande.

Lakini ajali inayoniuma zaidi ni ya Machi 22, 2014. Wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakiishi Kyangwali walipanda boti iliyojazwa kupita kiasi ili warudi kwao. Serikali ya Kongo ilisema waliokufa walizidi 250. Walikuwa warejeaji kama sisi. Aliyewahi kuishi uhamishoni anaijua haraka ile: umesubiri miaka, umefunga mizigo, halafu mtu akuambie ungoje kesho! Nani atakubali? Haraka hiyo ndiyo mwenye boti asiye na haya huifanyia biashara.

Ndiyo maana nasema ushujaa wa safari ya majini huonyeshwa ufukweni, kabla mashine haijawashwa. Ukishafika katikati ya ziwa huna tena la kuchagua. Pale ufukweni uliza boti inabeba wangapi, kisha uhesabu vichwa na magunia. Vaa jaketi la kuokolea maisha na ulifunge. La kukalia halimwokoi mtu. Ukiona maji yamekaribia ukingo wa boti ingali imesimama, teremka.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu ana mshahara, mchuuzi ana samaki wanaoharibika na deni linalongoja Koboko. Ni kweli, na feri ya Panyimur na Wanseko haiendi Kongo. Mchuuzi mmoja akikataa kupanda, ataachwa. Lakini kumi wakikataa pamoja, nahodha atateremsha magunia, kwa maana bila wao hana safari. Vyama vya wafanyabiashara katika masoko ya Arua na Koboko vinajua kukubaliana bei ya gunia. Vishindwe vipi kukubaliana kwamba mwanachama wao hapandi boti iliyojaa?

Serikali nayo isijifiche. Uganda ina sheria ya usafiri wa majini iliyopitishwa 2021. Sheria iliyo kwenye karatasi haichoti maji botini. Wakaguzi waonekane Panyimur siku za soko, boti zinapopakia, wasingoje kuja kuhesabu maiti.

Nasi walimu tusingoje mtaala. Dakika 20 zinatosha kumfundisha mtoto wa Koboko namna ya kukaa botini na kufunga jaketi. Mtoto huyo kesho ndiye mchuuzi, na ziwa halitamuuliza alizaliwa wapi.