BARUA KUTOKA KALOLENI: Msimwite Daktari Kabla ya Siku Yake

Juma hili nataka kusema nanyi habari za vijana wetu wanaoanza kusomea udaktari, maana nimeona ya kuwa jambo hili hutuletea furaha kubwa, na pamoja nayo hatari ambayo wengi wetu hatuifikiri.

Mwaka jana kijana wa jirani yangu hapa Kaloleni alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akina mama walipiga vigelegele mpaka usiku, na sisi wanaume tukachanga fedha za vitabu na nauli. Zamani vijana wengi wa nchi hii waliotaka kazi hiyo iliwapasa kwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924. Hapa Nairobi yalianza mwaka 1967. Sasa mtoto wa Kaloleni huvuka mji tu, akashuka Chiromo. Hiyo ni neema.

Lakini je, akifika huko hufundishwa nini? Wengi hudhani ya kuwa siku ya kwanza hupewa koti jeupe na chombo cha kusikilizia kifua, akaanza kutibu. Sivyo hata kidogo. Mwalimu wake wa kwanza ni maiti iliyohifadhiwa kwa dawa kali iwashayo macho. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, naye yampasa kuijua yote kwa majina, pamoja na misuli na mishipa yake. Tena hujifunza jinsi mwili ufanyavyo kazi ukiwa na afya. Wodi za Hospitali ya Kenyatta huja baadaye, na huko huwa chini ya macho ya walimu. Masomo huchukua miaka 6, kisha mwaka 1 wa kazi chini ya uangalizi. Kabla ya kusajiliwa, sheria haimruhusu kutibu watu kwa amri yake mwenyewe.

Basi hazikupita juma tatu, watu wakaanza kubisha mlangoni kwa kijana huyu. Mmoja alileta mguu uliovimba, mwingine kikohozi cha miezi miwili. Usiku mmoja mama mmoja akaja na mtoto mchanga aliyepumua kwa shida, mbavu zikibonyea ndani.

"Mwanangu daktari," akasema, "mtazame ndugu yako."

Kijana akamtazama, akajibu, "Mama, ugonjwa huu mimi siujui. Nijualo ni kwamba tusingoje asubuhi."

Akambeba mtoto mikononi mwake, wakaenda hospitali usiku ule ule. Ilikuwa homa ya mapafu. Mtoto alilazwa, akapona.

Kumbe asubuhi yake wengine walinung'unika kisimani: "Fedha zetu zimepotea. Daktari gani huyo asemaye hajui?" Maneno hayo yalimchoma kijana, hata akawa akirudi nyumbani hupita njia ya nyuma asionane na watu.

Ndugu zangu, tufikiri vizuri. Kama angaliona haya, akatoa vidonge viwili ili tumsifu, labda tungalimzika yule mtoto, na kijana mwenyewe angalibeba mzigo huo maisha yake yote. Neno "sijui" ndilo lililomwokoa mtoto. Mwanafunzi aliyelijua neno hilo katika mwaka wake wa kwanza ameanza vema.

Ninyi wakulima mwafahamu ya kuwa mtu apandaye kahawa haendi shambani na kikapu mwezi wa pili. Hungoja miaka mitatu hivi, akipalilia. Nasi tumpalilie kijana wetu. Katika nyumba ya chumba kimoja, tupunguze sauti ya redio saa za jioni na tumwachie meza na taa. Mchana ataweza kwenda Maktaba ya Kaloleni au ya Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan. Na mgonjwa apelekwe zahanati kwa wenye kazi yao.

Nawe kijana unayeanza mwaka huu, wakikuita daktari, cheka nao kwa adabu, uwaambie, "Bado." Siku ile itakapofika, tutakuita jina hilo sote, wala halitakuwa na deni.

Mvumilivu hula mbivu. Kwaherini mpaka juma lijalo.