Kiduara Kikizunguka, Tusaidiane



Nani kati yetu hajawahi kukaa mbele ya simu au kompyuta akitazama kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na ukurasa haufunguki? Umejaza jina, umeandika namba ya mtihani, umeweka picha, umebonyeza tuma. Halafu weupe mtupu.

Hivi karibuni binti wa jirani yangu alikuja nyumbani jioni, simu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnyonge?"

Akanionyesha. Fomu ya maombi ya chuo imekwama tangu asubuhi, na siku ya mwisho ni kesho yake. Alikuwa ameshanunua bando mara mbili akidhani MB zimemwishia. Nikamwomba afungue ukurasa mwingine wowote, hata wa habari za mpira. Ukafunguka papo hapo. Kumbe bando lake lilikuwa zima muda wote, na pesa ya vocha ya pili ingeweza kununua mboga.

Ninachowaomba kimo humo. Kabla ya kubonyeza mara ya kumi, tujiulize mambo mawili. Je, ni ukurasa huu tu uliokwama, au kurasa zote? Na je, ni simu yangu tu, au hata ya mwenzangu aliye pembeni? Ukishapata majibu hayo, umeshajua pa kuanzia.

Kwa binti yule ilikuwa ukurasa mmoja, simu moja. Hapo aghalabu tatizo liko ndani ya kivinjari chenyewe. Kivinjari hujiwekea akiba ya picha na vipande vya kurasa ulizotembelea, kisilazimike kuvipakua upya kila mara. Huweka pia vidakuzi, vijifaili vidogo vinavyoikumbusha tovuti kwamba ni wewe uliyerudi. Tovuti ikibadilishwa huku simu yako ikishikilia vya zamani, huenda wawili hao wasielewane.

Nikamwambia aguse vile vitone vitatu vya pembeni juu, achague dirisha fiche. Dirisha hilo huanza bila vidakuzi wala akiba ya zamani, na kwenye kompyuta, viendelezi tulivyojiwekea huwa vimezimwa humo, tusipoviruhusu wenyewe. Akaandika anwani upya, fomu ikafunguka! Tukarudi kwenye dirisha la kawaida tukafuta data ya tovuti ile moja tu. Tusikimbilie kufuta kila kitu, jamani, maana wengi wetu nywila zetu tumezihifadhi humo humo na hatuzikumbuki.

Ukiwa kwenye kompyuta, tazama pia chini kabisa upande wa kushoto wakati ukurasa unasubiri. Mara nyingi huonekana maandishi madogo yanayotaja anwani inayongojewa. Saa nyingine utakuta si ya tovuti unayoitaka, ni ya tangazo la pembeni.

Na kama kila ukurasa unagoma, lakini kwenye mashine yako tu? Angalia tarehe na saa. Kompyuta za mezani zilizozeeka zina kibetri kidogo ndani, kikifa saa hurudi miaka mingi nyuma. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari kikiona tarehe hazipatani kinakataa kufungua. Tazama pia umri wa programu yenyewe. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 mwaka 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho. Ndugu zetu mnaosimamia ofisi, mnaweza kupita meza hadi meza mkaangalia hilo?

Ikiwa ni simu zote na kurasa zote, basi tatizo ni la mtandao. Zima ruta, subiri kidogo, iwashe. Ulizaneni pia mle ndani, simu ya nani inajipakulia programu mpya kimyakimya na kuwapunguzia wengine kasi? Mwenye simu mwenyewe huenda hana habari, kwa hiyo asisemwe, asaidiwe kuipangia kazi hiyo ifanyike usiku.

Lakini ziko siku ambazo hakuna ruta itakayosaidia. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine tukabaki tunasuasua. Siku kama hizo, yule kijana wa dirishani, anayehudumia watu ofisini, anayekwambia mtandao unasumbua anasema kweli, naye amechoka kama wewe. Mpe pole. Na wewe kijana wa dirishani, mweleze bibi aliyetoka mbali arudi lini, asishinde kwenye benchi.

Kwenye malipo nawasihi tuwe waangalifu zaidi. Ukurasa ukikwama ukiwa umeshabonyeza lipa, usirudie. Soma kwanza ujumbe wa simu uone kama pesa imekatwa, kisha uliza kwa kutumia namba ya malipo uliyopewa, ile kontroo namba. Na asiyekujua akikuomba nywila ili "akufungulie", mkatalie kwa upole.

Vijana wetu, ninyi mnayajua haya kuliko sisi. Ombi langu kwenu ni dogo. Mzazi akileta simu iliyokwama, msimpokonye mkamrudishia imeshapona, maana kesho itamgomea tena akiwa peke yake kituo cha afya au kwenye foleni ya kodi. Jioni ya leo, mkishakula, kaa karibu na mama yako. Mwachie simu mkononi mwake, umwonyeshe vile vitone vitatu vilipo, avibonyeze kwa kidole chake mwenyewe.